Nilimwimbia Mdogo Wangu Kwenye Santuri, Akaacha Kuimba

Mpendwa Bi. Muriel, naomba unisaidie maana nimechoka kujificha. Mimi ni mpiga tarumbeta hapa Wolverhampton, na mdogo wangu Neville ndiye alikuwa mwimbaji wa bendi yetu ya soul, tulianza vijana saba kwenye ukumbi wa kanisa, tukapanda mpaka wimbo wetu ukawa wa nne nchi nzima, mama akalia mbele ya televisheni, lakini Bi. Muriel, ile sauti ya juu kwenye santuri si ya Neville, ni yangu. Siku ya kurekodi alikuwa na mafua, akaimba kwa shida akaenda kulala, mtayarishaji akanigeukia, "Rudia wewe pale juu. Nyie mama mmoja, nani atajua?" Nikaimba, juu kuliko anavyofika yeye hata akiwa mzima, nikanyamaza. Kwenye televisheni santuri inapigwa, mwimbaji anachezesha midomo tu, kwa hiyo hata yeye alidhani sauti ile ni yake, balaa likaja jukwaani, pale juu hafiki, mjini Leeds watu wakamzomea, "Shuka, bubu wewe!" Akawa anajifungia chooni akijaribu mpaka koo linavuja damu, akaniambia, "Kaka, sauti yangu imekufa." Nikamwambia pole, basi. Akaacha, bendi ikavunjika, wenzetu wakamlaumu yeye, sasa mwaka wa nne yuko kwenye kiwanda cha matairi na hata kanisani hafungui mdomo. Jumapili mama kamuuliza mezani mbona huimbi, akaweka uma chini akatoka. Nikisema ukweli, nitampoteza. Nifanyeje?

Errol

Errol, pole, ila pole kubwa nimemwekea Neville. Ulimsikia akijiumiza chooni, ukakaa kimya! Unaogopa kumpoteza, kwani sasa unaye? Mtayarishaji usimsingizie, hakukushika koo miaka minne.

Usiandike barua, usimtume mama. Jumamosi hii nenda kwake peke yako na hiyo santuri, mwonyeshe sauti yake inapoishia na yako inapoanzia. Ukitoka hapo, waambie mama na wale wenzenu watano, maana nao walimlaumu. Na usithubutu kutaja habari ya kurudisha bendi.

Akikutukana, sikiliza. Akikufukuza, ondoka, usimlilie mlangoni. Inawezekana usimpate tena, sikudanganyi. Lakini atajua kwamba sauti yake haikufa, Errol. Ilipata mafua siku moja tu.