Ufa kwenye Tangi la Bwana Ardhendu

Hatibagan, Kolkata
23 Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Shefali,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Siliguri imeuonea huruma mgongo wa shemeji Biman. Mwambie Tuki mjomba wake hajasahau samaki wa dhahabu aliomwahidi. Sisi huku hatujambo kiasi. Mama anakula kidogo, na mara mbili wiki hii ameniuliza kama Baba ameshakunywa chai.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeishika simu siku nyingi nikaiweka chini, kwa sababu nakujua, ungesema “haya, sema Kanai,” nami ningeishia kukuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Siku ile nilipokusindikiza stesheni baada ya matanga ya Baba, ulinishika mkono ukasema unajilaumu kwa maneno uliyomwambia Baba mwezi wa nane. Nayakumbuka. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na simu ilikuwa na sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake. Ulimwambia, “Baba, basi sasa. Mikono inakutetemeka, utaua mtu na hivyo vioo vyako. Weka kikatio chini.” Yeye akajibu, “Sawa, mama,” akakurudishia salamu zako, akakata. Ni hilo linalonifanya niandike. Acha nianzie mbali, maana wewe mambo haya uliyapata vipande vipande, na vipande vyenyewe nilikupa mimi.

Bwana Ardhendu, yule karani mstaafu wa mahakama anayekaa mtaa wa Salt Lake, alikuja dukani mwezi wa tatu. Alitaka tangi la samaki wa baharini, na chini yake, ndani ya kabati, tangi la kuchujia. Unalijua tangi hilo tangu utoto: maji yanashuka humo kwa bomba, yanapita kizuizi hadi kizuizi yakiacha uchafu, kisha pampu inayarudisha juu. La juu lingekuwa la kioo, hapo hapakuwa na mjadala. Ugomvi ulikuwa juu ya lile la chini.

Mimi nilitaka akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Nilimwambia Baba ni nyepesi, haipasuki ovyo, inatobolewa bila presha, na ikikaa gizani kabatini nani ataona mikwaruzo? Tena mteja yuko ghorofa ya tatu na lifti yao ni pambo. Baba alinicheka mbele ya mteja. Alisema plastiki ni ya ndoo na vitana, na kwamba ukiijaza maji inaota kitambi kama mkwe wake. Shemeji anisamehe, lakini ndivyo alivyosema. Bwana Ardhendu alicheka hadi chai ikammwagikia, akasema, “Mzee Nirapada, mimi nimefuata mkono wako. Huyu kijana mwache atengeneze vitana.” Nilicheka nao, lakini niliungua rohoni. Nina miaka thelathini na sita, kumi na minne kati ya hiyo nimeimaliza kwenye benchi lile, na bado nilikuwa kijana.

Basi likatengenezwa la kioo. Baba alikata kuta zote kwa mkono wake. Mikono ilimtetemeka akishika kikombe, lakini akishika kikatio ilitulia, hilo nimeliona kwa macho yangu. Tulipomaliza tuliiacha gundi ikauke wiki nzima. Kisha tukalijaza maji uani juu ya magazeti, siku tatu, kama ilivyo desturi yake, naye kila asubuhi akawa anachuchumaa kuyapapasa magazeti kutafuta unyevu. Yalikuwa makavu kabisa. Tulilibeba hadi ghorofa ya tatu, na Baba akala peremende mbili kwa mteja ingawa daktari alimkataza.

Mwezi wa nane Bwana Ardhendu alipiga simu analia. Kioo cha mbele cha tangi la chini kilikuwa kimepasuka kutoka juu hadi chini. Maji ya chumvi yalikuwa yametapakaa sebuleni, pampu imeungua, na samaki wote kumi na mmoja wamekufa, wale aliokuwa akiongea nao tangu afiwe na mkewe. Baba alikaa kwenye sakafu ile iliyolowa, akaupitishia ule ufa kidole taratibu. Akasema, “Ni mimi. Nimeacha pengo kwenye ukingo nilipokata, na ufa umeanzia hapo.” Mteja hakumtukana hata kidogo, na hilo lilimuumiza zaidi. Jumapili iliyofuata soko zima la samaki wa mapambo la Galif Street lilikuwa na habari. Muuzaji mmoja akampigia kelele, “Mzee, siku hizi unauza matangi au chemchemi?” Ndipo nikakupigia wewe, nawe ukampigia yeye.

Siku ya Vishwakarma tulisafisha vyombo vyote vya kazi tukavipanga mbele ya mungu wa mafundi, kama kila mwaka. Kikatio cha Baba hakikuwepo. Mama alipouliza, alisema hawezi kumpelekea mungu chombo kilichomdanganya mtu. Mtaa mzima ulikuwa juu ya mapaa ukirusha tiara, yeye amejifungia ndani. Hakushika kioo tena. Daktari alisema ni moyo. Mimi nilikuwa nakaa naye, dada, na ninachojua ni kwamba aliacha kutaka kuishi.

Sasa nisikilize. Haukuwa mkono wa Baba.

Siku ya kufunga vizuizi, Baba akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, nilikiangusha kizuizi cha tatu kikavunjika. Kioo cha unene ule kilikuwa kimetuishia, na ilitakiwa nisubiri kesho yake tu. Lakini palikuwa na kipande cha akriliki nilichokileta kumwonyesha Bwana Ardhendu, na kile kicheko kilikuwa bado kinaniwasha. Nikajiambia nitakiweka kimyakimya, na baada ya mwaka nimwambie Baba kwamba plastiki yangu inafanya kazi ndani ya kioo chake. Nikakikata kwa kipimo kilekile, kikabana ukuta kwa ukuta bila nafasi ya unywele, maana ndivyo alivyonifundisha. Kioo hakikui. Akriliki hunywa maji ikavimba. Siku tatu za magazeti hazikutosha kuionyesha, lakini kwa miezi ile ilizisukuma kuta taratibu, hadi ule wa mbele ukashindwa.

Siku ya ajali nilifika juu kabla yake, kwa kuwa alipumzika kila ghorofa. Nilikikuta kipande changu kimepinda, nikaking'oa, nikakificha ndani ya begi. Alipotokea mlangoni akihema, nilimwambia kizuizi cha tatu kimevunjika na vipande nimeshaviokota. Aliniamini.

Kwa hiyo maneno yako yale, dada, usiyabebe. Ulisema kwa kumpenda, ukitegemea uongo wangu. Juzi nilikwenda kumweleza Bwana Ardhendu. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

Limebaki moja, na hili sijamwambia mtu. Siku mbili kabla hajafariki, nikiwa namkata kucha pale dirishani, Baba aliniomba msamaha. Alisema ameliharibu jina la duka, na duka ndilo urithi pekee aliokuwa nao wa kuniachia. Alisema kama angenisikiliza kuhusu akriliki haya yote yasingetokea. “Ulisema kweli, Kanai. Nisamehe, mwanangu.” Nilikuwa nimeushika mkono wake. Nilifungua kinywa nimwambie, nikasema, “Nimekusamehe, Baba.” Akanishukuru.

Mama anakusalimu sana. Usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie shemeji, na Tuki umbusu kwa niaba yangu. Ukiona vigumu kunijibu, usijilazimishe.

Ni mimi mdogo wako,
Kanai