Fundi wa Nguzoni Msamala

Wema, Oliva wetu kampasua mtu kichwa! Mchana kweupe, mbele ya duka lake hapa Msamala!

Siku tatu mtaa mzima hatuna intaneti, oda za vitenge anavyouza mtandaoni hazimfikii. Leo kamwona jamaa juu ya nguzo, kashika waya. Kapiga yowe, "Mwizi wa waya huyo!" Watu wakamshusha kwa mawe.

Jamaa analia, "Dada, mimi fundi, kampuni ya intaneti imenituma!" Oliva akamtwanga kwa chuma cha kupimia vitenge. "Fundi gani huna hata sare!"

Fundi, Wema! FUNDI! Kalala pale, hajibu tena.

Mara simu ya Oliva ikalia. Ikalia tena. Oda za siku tatu zinamiminika! Zikafuata simu za wote waliokuwa wanampiga fundi, meseji juu ya meseji.

Fundi alikuwa ameshaunganisha intaneti.