Lile Neno Lako la Jukwaani

Katy, Texas, 2020

Mama,

Nimempata. Miaka miwili nimemngoja, na Jumamosi nimempata. Kaa nikusimulie, na tafadhali usianze kuniambia nimsamehe kabla sijamaliza.

Ni yule kocha wa Dallas. Hukuwahi kumwona, kwa sababu ulipofariki mwaka 2018 nilikuwa na wiki tatu tu kwenye timu yake. Timu ndogo, ya ligi ndogo ya futiboli ya Kimarekani, lakini ulikuwa umeshawatangazia manesi wenzako wote kwamba mwanao sasa ni mchezaji wa kulipwa. Nilimwomba ruhusa ya siku moja tu nikuzike. Hakuinua hata macho kwenye karatasi zake. Akasema anayetaka kwenda aende, ila nafasi yake haitamngoja. Nami nikabaki, Mama. Mwanao mwenye mbio kuliko wote alishindwa kufika kaburini kwako, mwendo wa nusu saa tu kutoka uwanjani. Siku ile mazoezini nilidaka kila mpira ulionijia. Wiki iliyofuata akanitema.

Njeri aliniwekea sehemu yangu. Watu walipokuwa wakitupa udongo kaburini, dada yangu yule alichota wake akautupa, kisha akachota wa pili, akautia kwenye kopo lako la majani ya chai na kuniletea. Hakunikaripia. Alisema tu, "Huu ni wako," akaenda zake. Heri angenitukana. Sikuthubutu kuja kuutupa, maana ningekuja na uso gani? Nikaapa kwanza nimlipize kisasi yule mtu. Tangu siku hiyo kopo limekaa kwenye gari langu, na kila asubuhi nikitoka huku Katy kwenda mazoezini Houston linagongana na chupa yangu ya maji.

Unakumbuka jikoni kwetu Euless, kando ya Dallas? Ulikuwa ukirudi kazini, hata sare hujavua, unanirushia chungwa bila onyo: "Daka!" Moja lilivunja kioo cha dirisha, ukacheka mpaka ukakaa sakafuni. Mchezo wenyewe hukuuelewa kamwe. Uliuita mpira wa yai, na mara mbili ulishangilia timu isiyo yetu. Lakini kila nilipochomoka pembeni nikikimbilia mpira, ulisimama jukwaani peke yako na kupiga kelele, "Daka, baba! Daka!" Wamarekani wakadhani ndilo jina langu. Mtangazaji akalichukua, na mpaka leo limeandikwa mgongoni kwenye jezi yangu. Nilipotaka kuwaeleza, ulikataa. "Wacha tu, baba. Hao wata-learn kuogopa hiyo jina."

Basi sikia. Jumamosi timu yake ilikuja Houston. Nilimwona kabla hajaniona. Kwenye robo ya mwisho ya mechi mpira ulirushwa mbali sana, nikachomoka, mlinzi wao akabaki nyuma akisoma mgongo wangu. Nikadaka mbele ya benchi lao, mbele ya macho yake, nikaenda kufunga. Tukawashinda. Furaha niliyoisikia haikuwa ya Kikristo, Mama, na sitakudanganya.

Mechi ilipokwisha nikamwendea. Maneno nilikuwa nayo tayari, miaka miwili nikiyasema peke yangu kwenye foleni za magari. Kabla sijafungua mdomo akanyoosha mkono, anatabasamu. "Umecheza vizuri, Daka." Halafu akaniuliza kama tumewahi kukutana.

Hakunikumbuka! Mama, hakunikumbuka hata kidogo.

Mkono wake niliuacha hewani. Nikamwambia mimi naitwa Kamau, jina la babu yangu. Hilo analoliita jina ni sauti ya mama yangu, na yeye, kocha, ndiye aliyenizuia kumzika, kwa hivyo asilitamke tena maishani mwake. Wachezaji wake walisikia wote. Aliuteremsha ule mkono wake, na nilifurahi, na bado nafurahi ninapoandika.

Lakini nilipowasha gari, kopo likagonga ile chupa. Nikalitazama. Yule mtu alininyima siku moja, Mama. Hizi nyingine zote nimejinyima mwenyewe, nikikuacha pale unangoja huku mimi nikimngoja yeye. Nililia hadi mlinzi wa maegesho akaja kugonga dirisha.

Nimemwambia Njeri nitasafiri hadi Dallas, tukutane kwako Jumapili tukitoka kanisani. Sijamsamehe yule, usinisukume, hilo tutaliongea polepole mimi na wewe, maana kuanzia sasa nitakuwa nakuja. Najua nyasi zimeshaota na udongo wangu hautafika chini. Sijali. Nakuja nao wote, hata vumbi lililoganda kwenye kifuniko.

Pumzika, Mama, lakini Jumapili kaa tayari kama nilivyokuwa nikikaa jikoni. Nitakurushia bila onyo.

Daka.

Kamau wako