Kura ya Pili ya Mapera

Mapera, Machi

Shemeji Aloisi, mla dagaa usipa,

Hamjambo huko ziwani? Uchaguzi mdogo wa diwani umekwisha, na Beata wa kile chama kidogo nimemshindisha kata nzima. Haya, nimedanganya. Kituoni kwetu kapata kura mbili, moja yangu, wala sikuificha. Wengi hata hawakwenda, eti vyama vikubwa vimeshamaliza.

Matokeo yalipobandikwa, jirani yangu Egidi akafoka: "Mzee Nicholaus, umepoteza kura! Omba radhi, la sivyo ngokela haiji kwako." Unaijua ngokela yetu, kulimiana kwa zamu. Bila hiyo ngoro zangu, yale mashimo ya mteremkoni, hazichimbwi, maharage sipandi.

Nikamjibu, "Kura yangu siyo pombe ya kunywa kwa zamu. Na hiyo ya pili ni ya nani?"

Waliokuja kusoma matokeo wakatazamana. Sasa kila anayetaka kunilimia anaogopa kuitwa mwenye kura ya pili. Dada yako Walburga anachambua mbegu, anacheka peke yake kila kura hiyo ikitajwa.

Radhi siombi! Beata akisimama tena, nampigia tena.

Ila mvua haisubiri. Ulipoezeka nyumba nilikukatia nyasi mpaka mgongo ukalia. Njoo na jembe, siku moja tu.

Shemeji yako mkaidi,
Nicholaus