Salamu Zenye Zilikatazwa ku Kazi

Muji wa Baraka, ku biro ya kazi, kisha ya mvua

Mama mupenzi,

Nakusalimia, na mbele haujajibu nakusalimia tena. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupakaa ilikusaidia, ao uliigawia bamama ba kanisa kama kawaida yako? Furaha, mudogo wangu mwenye anakusomea hii barua, asome polepole na asiruke fasi zenye hapendi. Mi niko muzima. Nimechoka tu, Mama, kuchoka kwa namna usingizi hauwezi kumaliza. Barua yangu ya mwisho haukuijibu. Furaha alinitumia neno na mutu wa boti ya Kalemie, eti ulisema hauna habari ya kuniandikia. Ile neno nitairudilia.

Kazi yangu unaijua: niko sekretere wa vituo vyetu vya afya, kutoka Mboko mpaka Kazimia. Zamani kila kituo kilikuwa kinatuma karatasi na pikipiki ao na pirogi, mutumbwi wa ku ziwa, na karatasi inafika wakati neno limekwisha kuoza. Basi shefu wetu, mutu wa Bukavu, akaleta simu za kisasa, akasema tutatumika mu grupu moja ku intaneti: mumoja akiandika, bote banaona, na rapoti tunaijaza pamoja fasi moja. Mi njo nilipewa kazi ya kubembeleza bantu bakubali. Nilizunguka mpaka mugongo ukakataa. Mama Riziki, mukunga wa Kazimia, njo alinisumbua zaidi. Huyu mama anaweza kukuuliza baba, mama, batoto na mbuzi, mbele ya kukuambia nyumba yako inaungua. Akaniuliza namna gani ataandikia mutu habari ya kazi bila kumusalimia. Nikamuambia we salimia tu, hakuna mwenye atakukataza. Njo akakubali.

Loo, Mama, bakasalimia! Kila asubuhi grupu nzima ni mumeamkaje, tumeamka, Bwana asifiwe, amina, na mwenye amechelewa anaanza kujibu mumoja mumoja. Siku moja Abwe, muganga wa kituo cha Mboko, akaandika kwamba bunduki zinalia ku barabara, mutu asitoke. Hata yeye alianza na salamu ndefu, na neno lake likazama katikati ya amina za bengine. Shofere wetu hakuliona, akaingia ile barabara. Alirudi na miguu, bila gari, bila dawa, na bila viatu.

Shefu alikasirika sana, na alikuwa na haki. Akatoa amri: mu grupu ni kazi tu, mwenye atasalimia atatolewa. Kusema kweli mi pia nilifurahi, simu ikatulia. Dawa imebakia ngapi, bagonjwa bangapi, basi. Shefu akasema sasa tunatumika kama bantu ba Ulaya.

Kisha Kazimia ikanyamaza. Ku soko tulisikia kwamba kule kuna vita, lakini hapa kila siku vita inasemwa, leo iko, kesho haiko. Mu biro kila mumoja alifikiri mwengine amekwisha kumuuliza Mama Riziki. Pirogi yetu ya injini ilikuwa imefungwa hapa Baraka, mafuta ndani, dawa ndani, inangojea mutu aseme inaenda wapi.

Juma yenye ilifuata, Mama Riziki alifika mwenyewe, mu pirogi ya bavuvi, miguu imevimba. Nikamupa kiti. Akaniuliza nimeamkaje. Akauliza na goti lako, Mama. Mi nikamusogezea maji ya kunywa. Njo akaanza kueleza kwamba bantu ba bunduki baliingia Kazimia, kituo kikaungua, na yeye akakimbilia mu pori na bamama benye mimba. Mumoja, anaitwa Nyota, alizalia kule na damu ikakataa kusimama. Mutoto iko, iko na bibi yake. Nyota haiko.

Nikamuuliza simu yake ilikuwa wapi. Akasema alikuwa nayo, na kule juu ya mulima rezo ya simu ilikuwa inapatikana kidogo.

"Sasa juu ya nini haukuandika, Mama Riziki?"

"Ningeandika nini? Kituo kimeungua, dawa hakuna, rapoti hakuna. Mulisema ni kazi tu." Akapangusa uso na kitambaa. "Nilikuwa naona nyinyi bote mu simu, mwanangu. Munaandika dawa. Nikafikiri munajua, na mumetuacha. Nilingojea mutu mumoja tu aulize, ba Kazimia bameamkaje, njo nimujibu."

Nililia pale pale, mbele ya bantu bote ba biro. Shefu akatoka inje, akasimama karibu ya pikipiki yake muda murefu. Ile amri hajaisema tena.

Sasa tumefanya hivi: salamu ni asubuhi, mbele ya rapoti, na kila kituo lazima kijibu. Mwenye hajajibu tunamutafuta, na pirogi inawekwa tayari. Kisha pale ni kazi tu. Nimeanza kuzunguka tena kueleza bantu, mugongo unauma tena, na bengine habataki hata kuona ile simu. Siwezi kubalaumu. Mama Riziki anataka kurudi Kazimia, hata tumukataze. Leo asubuhi alitusalimia mu grupu, amekaa hapa hapa pembeni yangu, na mi nikamujibu mu simu. Hakuna mwenye alicheka.

Unisalimie baba mudogo fundi wa nyavu, na shangazi mwimbaji, na jirani yetu mama wa mikate, umuambie harufu ya mikate yake bado naikumbuka. Furaha, we nakusalimia mwisho sababu ulikuwa unasoma.

Na we Mama, usinyamaze tena eti hauna habari. Mi siombi habari. Furaha achukue kipande cha karatasi, aandike tu umeamkaje, na mumupe mutu wa boti. Nitajua uko.

Ni mi binti yako, mwenye atangojea boti ku kivuko,
Apoline