Meli Yenye Bahati

Bandari ya Kure, Japani, Machi 1945

Dada Fusae,

Mimi mzima, ila figili za chumvi zimetuishia. Barua hii anakuletea majeruhi anayerudi nyumbani, kwa hiyo hakuna mkubwa aliyeisoma.

Manowari zote tulizotoka nazo zimezama. Yetu hurudi bila tundu, na mabaharia wengine huja kubandua rangi yake wafanyie hirizi. Basi penye hatari tunatangulizwa sisi. Ukiomba kuhamishwa unaambiwa, "Nani anakimbia bahati?"

Kuramoto wa jikoni husema, "Tungetobolewa kidogo tu, jamani, tungelala gatini miezi."

Kesho tunatangulia tena. Mama akienda hekaluni, mwambie aache kuiombea meli. Aniombee mimi.

Mdogo wako,
Tokuji