Maziwa ya Ghalani

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimehamishwa. Sichambui tena tumbaku, sasa niko timu ya dawa. Erasmus, msimamizi wetu, kaniita pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa zawadi. Kuna jamaa kaacha kazi, nafasi iko wazi, na wewe Esperansi huna maneno mengi. Nikauliza huyo jamaa kaenda wapi. Kwao Puge. Kaacha au kaugua? Akacheka. Kaacha tu.

Mtu anaacha kibarua katikati ya msimu, ghala limejaa marobota hadi karibu na bati? Na wenzake hakuwaaga?

Nimekubali lakini. Baba Uwi, mume wangu, yuko shamba Ulyankulu, na mvua ya mwaka huu ilivyogoma kila mtu aliona. Hapa ukikataa kazi, msimu ujao huitwi.

Uwimana kanyonya mpaka kalala na titi mdomoni. Ana meno mawili ya chini na ameshajua kuyatumia, mchokozi huyu.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimefundishwa. Tunapanga vidonge kwenye trei katikati ya marobota, tunafunika yote kwa nailoni nzito, tunatoka, mlango unafungwa siku kadhaa. Vidonge vinapata unyevunyevu wa hewa, vinatoa gesi, gesi inaua wale wadudu wanaotoboa tumbaku. Kisha mlango unafunguliwa. Na sisi. Hapo kwenye kufungua Erasmus aliongea harakaharaka.

Barakoa yetu ni ya mpira, inafunika pua na mdomo, ina vikopo viwili vya kuchuja hewa, kimoja kila shavu. Wenyewe wanaiita pua ya nguruwe. Kuna namna ya kuipima: unaziba vikopo kwa viganja, unavuta pumzi, mpira ukikunyonya usoni ujue haivuji. Yangu ilinibana mpaka macho yakatoka. Bernadeta, ambaye ndiye wa zamani kuliko wote timu ya dawa, akasema nimependeza, niende studio nikapige picha ya kumtumia mume.

Nilicheka. Nikasema basi, iko salama.

Halafu nikaona makasha ya maziwa ofisini. Kila mtu wa dawa anapewa pakiti yake akitoka ndani. Ya kutoa sumu. Hilo si jambo geni, hata baba yangu akitoka kupiga dawa shambani alikuwa anadai maziwa kabla ya kuvua viatu. Nimelijua tangu utoto na sijawahi kuliuliza. Sasa niko kitandani nauliza. Kama pua ya nguruwe inazuia, sumu ya kutolewa na maziwa imepitia wapi?

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefungua ghala dogo.

Niliivaa vizuri. Niliipima. Ilinibana. Nikaingia nyuma ya Bernadeta, tukaanza kukunja nailoni — na nikasikia harufu. Ndani ya barakoa. Kama kitunguu saumu kilichochanganywa na dagaa walioharibika. Nikadhani ni mpira wenyewe. Nikavuta tena. Ile ile.

Kichwa kikaanza kugonga. Bernadeta alitoka mbele yangu, akaenda nyuma ya mzani kutapika. Akarudi anajifuta na kitenge kama mtu aliyekwenda kunawa tu. Nikamwuliza, huwa inakuwa hivi? Akasema siku za kwanza. Wewe umeanza lini? Akanitazama. Tangu mwaka juzi.

Erasmus anasema harufu siyo gesi, harufu ni harufu. Yeye mwenyewe aliingia na barakoa kama zetu, sikatai. Akatugawia maziwa. Nimekunywa yote.

Halafu akavifungua vikopo kwenye barakoa, akavipanga juu ya bati kwenye jua vipumue. Kama tumbaku! Kama dagaa! Kila wakimaliza kazi ndivyo anavyofanya, kasema Bernadeta. Hivyo vikopo vina umri gani? Hajui. Alivikuta.

Nimefika nyumbani maziwa yamejaa, gauni limelowa. Uwimana kaninyooshea mikono. Sikumpa. Nimeoga mara mbili, nikajikamulia chini shimoni, nikampa uji. Alilia akitazama kifua changu, si uso.

Nilikunywa maziwa yatoe sumu. Sasa hiyo sumu inatokea wapi? Isije ikawa inatokea hapa hapa, kwenye titi.

Jumapili, 17 Agosti

Mamamkwe haniulizi. Ananitazama.

Yeye ndiye anayeshinda na mtoto, kwa hiyo kila kitu anakijua. Kanisani alikaa upande wa pili, hajawahi. Tumerudi, akamwambia Uwimana, siyo mimi, akamwambia mtoto: "Mwambie mama yako, mwanamke anayemnyima mtoto titi na kuoga mara mbili ana jambo lake."

Nimeelewa anachofikiri. Mume yuko Ulyankulu, mke anatoka na kurudi ananuka sabuni.

Nilimjibu ni kazi, mama. Akasema kazi gani hiyo ya kuoga. Nikaosha vyombo.

Jumatatu, 18 Agosti

Kliniki, kupima uzito. Kapungua kidogo. Nesi Agnetha akauliza ananyonya? Nikamwambia yote. Kuhusu titi hana hakika, amesema wazi. Anachojua gesi ile haikai mwilini muda mrefu, na mtoto ananihitaji, ninyonyeshe. Wa kuogopa kwanza ni mapafu yangu.

Nikamwuliza na maziwa tunayopewa? Akaacha kuandika. "Hewa inakwenda mapafuni, dada. Maziwa yanakwenda tumboni. Yatakutana wapi?"

Nimemnyonyesha Uwimana pale pale kwenye benchi. Amenishika kidole kama polisi, asije akanipoteza tena.

Lakini miaka yote! Baba yangu, wajomba, Ulyankulu nzima. Tunapewa maziwa, tunasema tajiri anatujali. Nani alianza kutwambia? Na alikuwa amevaa nini usoni siku hiyo?

Jumanne, 19 Agosti

Nimetoka ghalani na kikopo kimoja ndani ya mfuko wa nepi, ndio ninaobebea vitu vyangu kazini. Nimepita getini. Mlinzi hakutazama, nani anapekua nepi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Isevya anakaa Awadhi, anapiga rangi magari. Nimemwona mara nyingi na pua ya nguruwe yake shingoni, leo ndiyo nimepata akili. Nikamwita shemeji nikamwonyesha. Hakukishika hata. Akaingia ndani akatoka na chake, akaviweka pamoja kwenye ngazi. Mapacha. Mstari wa kahawia, herufi ile ile.

Hiki ni cha kwetu, akasema, cha rangi na tina ya kuizimulia. Kwenye mvuke wa rangi kinafanya kazi vizuri. Nikamwambia sisi tunatumia kwa gesi ya vidonge vya tumbaku. Akakuna kidevu. "Kwa gesi hiyo sijui, shemeji, nisikudanganye. Ila mimi nikianza kusikia harufu ya tina ndani, natoka mbio. Kikopo kimekwisha. Nyinyi mkisikia harufu mnafanya nini?"

Tunakunywa maziwa.

Sikumjibu hivyo. Nilisema asante.

Jumatano, 20 Agosti

Duka la pembejeo. Muuzaji ni kijana mwenye haraka, lakini nilipomtajia vidonge akapunguza sauti. Akasema kila gesi ina kikopo chake, hakuna kikopo cha kila kitu. Cha kahawia kwa vidonge hivyo ni kama kuvaa chandarua kujikinga na moshi. Anavyoviuza yeye ni vya kijivu, juu yake pameandikwa kabisa kuwa vinazuia gesi ile, na vina mwisho wa matumizi. Na vinakaa kwenye barakoa ya uso mzima, yenye kioo. Tena havianikwi. Vikifunguliwa vinaanza kuhesabu, jua halivirudishi upya.

Nikamwuliza, sasa mbona nilipoipima ilinibana vizuri? Akasema kubana kunaonyesha hewa haipiti pembeni. Inapita kwenye kikopo. Na kikopo chenu kinaikaribisha.

Nilidhani nimechunguza. Nilichunguza mlango, ukuta wenyewe haukuwepo.

Dukani amebakiwa na vichache, vingine ataagiza Dar.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Najiuliza Erasmus anajua au hajui. Kama hajui, mbona siku ya kufundisha aliongea haraka? Kama anajua, mbona anaingia na sisi na vya kahawia? Au aliyempa yeye ndiye anayejua? Simwelewi. Afadhali ningemchukia, ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwambia. Ofisini, mlango wazi. Shikamoo kaka Erasmus, nimekuja na neno. Nikaweka kikopo mezani, nikaeleza cha Awadhi, nikaeleza cha dukani. Sikupandisha sauti.

Alikishika akakigeuzageuza kama mtu anayetazama noti. Nilimwona kabisa anasoma ile herufi. Kwa mara ya kwanza, nadhani. Halafu akakirudisha mezani kimesimama vizuri na kusema atapiga simu kwa wakubwa. Vya kijivu vitaagizwa. Lakini Jumamosi ghala kubwa linafunguliwa, malori ya mnunuzi yanakuja, hilo halingoji Dar.

Nikasema mimi siingii na hivi.

"Basi rudi nyumbani ukanyonyeshe," akasema. "Bernadeta ataingia."

Na Bernadeta alikuwepo, amekaa kwenye robota, amesikia yote. Nikamgeukia. Akasema wanawe wamekua, hana anayemngoja na titi. Alikuwa anatania. Kisha akakohoa, na kikohozi hakikuwa cha utani. Nikamwambia dada Bernadeta, na wewe una mapafu. Akasema mdogo wangu, nina ada ya shule.

Erasmus akatangaza mbele ya wote: bila barakoa haingii mtu ghalani, ndiyo sheria yangu, tangu nianze kazi hapa. Hiyo ni kweli. Hiyo hata mimi namvulia kofia. Mwaka jana alimrudisha mtu mlangoni kwa kusahau yake, amesema Bernadeta, na kazi ikalala.

Kazi ikalala.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimevichukua. Vyote.

Nilikwenda kazini kama kawaida, na mchana vikopo vilikuwa juu ya bati vinaanikwa kwa ajili ya kesho. Wamekwenda kula. Nikapanda kwenye pipa, nikavikusanya kwenye mfuko wa nepi. Mlinzi kanipungia mkono, akauliza mtoto hajambo. Hajambo.

Njia nzima nilikuwa nangoja kuitwa. Mwizi! Mimi, niliyesoma kwa masista!

Nyumbani nikavimwaga sakafuni mbele ya mamamkwe. Nikamwambia, mama, jambo langu ndilo hili. Nikamweleza kuanzia jamaa wa Puge mpaka Bernadeta. Alisikiliza bila kuitikia. Alipookota kimoja akakinusa, akakunja uso. Aliuliza swali moja tu: na yule mzee wangu, aliyekuwa anapiga dawa kwa kitambaa cha kichwa na kikombe cha maziwa? Nikasema sijui, mama. Akasema alikufa akikohoa. Nikasema najua.

Tumevifunika chini ya ndoo kubwa ya kufulia.

Sasa wasiwasi. Je, Erasmus akivunja sheria yake? Je, wakiambiwa wajifunge vitenge vilivyoloweshwa? Bernadeta angeingia, namjua. Nimempigia, hapokei. Ningemwacha na cha kahawia ingekuwa bora? Hapana. Hapana. Angalau bila kikopo atajua hana kitu.

Pikipiki. Imesimama hapa nje.

Hodi. Ni sauti ya Erasmus. Peke yake? Nasikia miguu ya watu wawili. Anasema Mama Uwi, fungua tuongee. Hajafoka. Hiyo ndiyo inanitia shaka.

Uwimana ananyonya, macho mlangoni. Mimi naandika tu.

Mamamkwe ameinuka. Nilidhani anakwenda kufungua. Ameifikia ndoo, akatandaza kitenge chake, akaikalia. Amechukua mchele na ungo, anachambua.

"Karibu," amesema kwa sauti. "Mlango hauna komeo."